Mpaka Sombe Ilainike

Tulitoka Sandoa juu ya lori la mihogo, mimi na binti yangu Nadeji, mtoto wa miezi minane. Ndani ya kabini hakukuwa na nafasi. Alikuwemo mama mjamzito na mbuzi wawili wa padri. Mvua ilikuwa imekula barabara, na kufika Kasaji tu kulituchukua siku tatu. Kazi yangu ni kuziba mipira ya magari, kazi ambayo kwetu mtu wake anaitwa kwado. Kwa hiyo kila mpira ulipopasuka dereva aliniita mimi. Mara ya kwanza nilimkabidhi mtoto kwa mama mmoja muuza samaki, nikaingia chini ya lori. Nadeji alipiga kelele mpaka mbuzi nao wakaanza. Mara ya pili niliziba mpira nikiwa nimemfunga mgongoni kwa kikwembe, yaani kitenge, cha mama yake, na abiria wakacheka.

"Tata kwado!" mmoja aliita kutoka juu, maana tata kwetu ni baba. "Ziba kwanza mudomo ya mutoto, mupira utangoja!"

Nilikuwa nimepita njia hiyo mara nyingi peke yangu. Likasi, Kasumbalesa, Solwezi, kisha Dilolo, kisha tena Likasi. Mji ukinichosha niliamka mapema, nikakunja godoro, nikaondoka kabla jirani hajafungua mlango. Sikuwa mwizi wala sikuwa na deni. Sikupenda tu maneno ya kuagana. Mama yake Nadeji alinishinda kwa hilo. Alimlaza mtoto, akasema anakwenda sokoni Dilolo kununua chumvi, akavuka mpaka, hakurudi. Mtoto alipoamka alikuta mimi. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alifumba jicho moja, la pili likabaki linanilinda.

Mama mkwe alitaka abaki naye Sandoa. Kwa desturi yetu mkwe haongei na mama mkwe uso kwa uso, kwa hiyo jambo hilo lilizungumzwa kupitia shemeji yangu, tukiwa tumepeana migongo uani. Alisema nimchukue mtoto, nijaribu. Baada ya mwezi mmoja atapanda lori aje Kolwezi kuona kwa macho yake. Akimkuta amekonda na analia, atamfunga mgongoni siku ileile na sitamwona tena ila kwa ruhusa yake. Nilikubali. Nilikuwa nimeacha watu wengi maishani mwangu, na huyu sikutaka kumwacha.

Kolwezi nilijua nitapata kazi. Malori ya madini hayalali, na barabara yao inatafuna mipira. Rafiki yangu alinipa pembe ya kibanda chake, karibu na njia ya Likasi. Siku ya kwanza nilifanya kazi na mtoto mgongoni. Siku ya pili dereva mmoja aliniambia kwamba moshi na vumbi vile vitamuua, akanionyesha kwa kidole nyumba ya matofali nyuma ya mtaa, yenye lango la bati la bluu. "Kule kuko kreshi. Nenda ukaone ule mama. Lakini nawa miguu."

Hakuna aliyemwita kwa jina mama huyo, mlezi wa watoto ambao wazazi wao wako kazini. Alikuwa Mama Kreshi kwa wazazi, kwa polisi, kwa wauza mkaa. Kwa miaka sita niliyomjua sikusikia jina lingine, na sasa naona aibu kwamba sikuuliza.

Langoni aliweka beseni la maji na sabuni ya kipande. Hakuna mtu aliyeingia kwake na vumbi la mgodi. Wachimbaji walivua mashati yao ya kazi na kuyatundika kwenye msumari. Akina mama wanaosafisha mawe mtoni walinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Siku moja, nikiwepo, alikuja bwana mkubwa kwa jeep, viatu vinang'aa, mkono umeshika simu. Alisema yeye hafanyi kazi ya udongo.

"Lakini unakanyaga udongo," Mama Kreshi alimjibu. "Ao nakuletea mutoto mu jeep?"

Bwana alivua viatu. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu na kidole gumba kilichungulia. Wazazi wote tuliangalia juu, kana kwamba kuna ndege angani.

Na huyo huyo mama, aliyewasemesha wakubwa namna hiyo, aliwapa watoto wachanga heshima ya Kifaransa cha ofisini. Kila mvulana alikuwa Mesye, kila msichana Madmwazel. Alimwinamia mtoto aliyejichafua na kusema, "Madmwazel, naomba ruhusa, nataka kukugeuza." Alingoja kidogo kabisa, kama vile ruhusa inatoka mbali, halafu ndipo akamgeuza. Nilicheka mara ya kwanza. Hakupenda.

"We, Tata, mutu akuje akuinue miguu bila kusema, utafurahi?"

Siku niliyofika na Nadeji, Mama Kreshi aliniuliza: "Mama yake eko wapi?"

"Hayuko, Mama."

"Sikuuliza kama eko ao hayuko. Nauliza eko wapi."

"Sijui."

"Bon. Alienda namna gani? Mutoto alimuona?"

Nilimwambia kwamba mtoto alikuwa amelala. Alimwangalia Nadeji aliyening'inia shingoni kwangu kwa kucha zote. Nikamweleza na habari ya mama mkwe na mwezi mmoja. Alihesabu kwa vidole, akavikunja.

"Basi hatuna siku ya kucheza. Kesho unakuja, unakaa pale ukutani. Usimubebe, usimuimbie, usimuchekeshe. Akikuja kwako, umupokee. Akienda, umuache. Kuwa kama kiti."

"Siku nzima?"

"Siku muzima. Kiti inachokaka?"

Mtu asiyetulia kama mimi hajui adhabu kubwa kuliko kukaa ukutani na kuwa kiti. Miguu iliniwasha. Nilisikia malori barabarani, nikayatambua kwa milio, hili linakwenda Likasi, lile linarudi tupu, na kila moja nilitamani kulipanda. Watoto wengine, kama kumi hivi, walitambaa juu ya mikeka. Nadeji alishika goti langu asubuhi yote. Mchana alitambaa kidogo akagusa kifuniko cha sufuria, akarudi haraka. Siku ya pili alikaa na kifuniko muda mrefu, akigeuka kila mara kuangalia kama kiti bado kipo. Siku ya tatu alifika mpaka kwenye mapaja ya Mama Kreshi, akakubali vijiko viwili vya uji.

Siku ya nne nilifanya kosa.

Alilala saa nne asubuhi juu ya mkeka, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya kiatu changu. Nilitoa mguu polepole. Mama Kreshi alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Nilijiambia kwamba hii ni huruma. Hataniona nikienda, hatalia. Nitaziba mipira miwili mitatu, nitakuwa nimerudi kabla hajaamka. Nilipitia nyuma, kwenye ukuta uliobomoka.

Nilirudi saa tisa. Nilimsikia kutoka barabarani, na haikuwa tena sauti ya mtoto, ilikuwa kitu kinachokwaruza. Hakula. Hakunywa. Alikuwa ametambaa mpaka langoni akalala chali pale, karibu na beseni, na hakuna aliyeweza kumwondoa. Mama Kreshi alinikabidhi mtoto bila kupandisha sauti.

"Umeenda kama mama yake," alisema.

Nilimfuta Nadeji machozi kwa pindo la shati.

"Unafikiri ulimusaidia. Sasa amejua kulala ni kubaya. Leo usiku hatalala, na kesho hatalala. Tata Nadeji, mu nyumba yangu hakuna mutu anatoka nyuma. Unatoka kwa lango, unasema kwa sauti, mutoto anaona mugongo yako. Alie! Kulia si ugonjwa. Kesho we ni kiti tena. Tunaanza mbali kuliko pale tulianza."

Basi nikawa kiti siku tano nyingine, na mwezi wa mama mkwe ukawa unakwenda.

Sasa niseme juu ya kinu. Pale uani, karibu na jiko, palikuwa na kinu kikubwa cha mti mweusi, cha kutwangia sombe. Kila nyumba ya Kolwezi inatwanga sombe, majani ya mihogo, na sauti yake hatuisikii tena, kama usivyosikia moyo wako. Mama Kreshi aliitumia kama wengine wanavyotumia saa. Mtoto mpya anapoachwa kwa mara ya kwanza, mzazi anaaga, anatoka kwa lango, na papo hapo mchi unaanza. Ukisimama, mzazi anaingia. Siku ya kwanza ni konzi moja ya majani. Siku inayofuata ni konzi mbili. Majirani walijua kukiwa na mtoto mgumu, kwa sababu jioni walipewa sombe laini kama uji.

"Huyu wa sasa ni wa nani?" walimwuliza langoni wakishika bakuli. "Hii sombe hata asiye na meno anaimeza."

"Ni wa kwado."

"Mungu amubariki kwado! Mutoto alie tena kidogo."

Siku yangu ilipofika alimchukua Nadeji, akamgeuza uso kwangu. "Madmwazel, tata yako anatoka. Mi natwanga. Nikiacha kutwanga, atarudia." Kisha kwangu: "Sema."

"Nakwenda, Nadeji," nilisema. Katika maisha yangu ya kuzunguka nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusema neno hilo nikimtazama mtu machoni.

Alilia. Nilitoka kwa lango. Mchi ukaanza, du, du, du. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jirani, mikono imeshika matofali, nikisikia kilio na kinu kwa pamoja. Mchi ukasimama. Niliingia mbio kama mtu anayekimbizwa na mbwa, na Nadeji akanitazama kwa mshangao mkubwa, machozi bado mashavuni. Sikuwa nimetimiza hata dakika tano.

"Usikimbie," Mama Kreshi alisema. "Ukikimbia anafikiri kulikuwa kitu cha kukimbia."

Tulikwenda hivyo siku baada ya siku, na konzi za majani zikiongezeka. Lakini kulala bado hakulala, na mtoto asiyelala mchana hali chakula jioni. Ndipo Mama Kreshi aliniagiza kile kikwembe cha kumbebea. Nilale nacho siku mbili, nikipitishe shingoni, nikiweke begani nikiwa kazini, halafu nimletee. Kilinuka gundi na mpira uliochomwa, kilinuka dizeli, jasho, safari yote ya kutoka Sandoa. Nilikiangalia nikaona haya. Mama anayemlazimisha bwana wa jeep kunawa miguu, nimletee tambara kama hili? Nikakifua. Nikakifua mara mbili, kwa sabuni ya unga, nikakianika juani, na asubuhi nikaazima pasi ya mkaa kwa jirani nikakinyoosha mpaka pembe zikakutana. Nilikibeba juu ya viganja viwili kama mtu anayepeleka zawadi ya harusi.

Alikinusa. Alinitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake unashindwa kuchagua kati ya hasira na kicheko.

"Hiki kikwembe ni cha nani?"

"Changu, Mama. Kile ulichoomba."

"Aka! Mutoto anatafuta tata, we unamuletea sabuni!" Akaita kina mama waliokuwa wanavua viatu langoni. "Mukuje! Mukuje muone kazi ya mwanaume! Amepiga na pasi!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilicheka, ila baadaye, nikiwa njiani kwenda kibandani, nilikumbuka kwamba ndani ya kile kitambaa ilikuwamo pia harufu ya mama yake, ile ya mwisho, na mimi ndiye niliyeimwaga kwenye mtaro pamoja na povu. Sikumwambia mtu.

Ilibidi nikivae upya siku nne. Nililala nacho, nilifutia mikono, nilikifunga kiunoni chini ya malori. Nilipokirudisha kilikuwa kimechafuka hasa. Mama Kreshi alikipokea kwa ncha za vidole viwili, yeye mwenye usafi wake, akakitandika kwenye mkeka bila neno. Nadeji alikivuta usoni, akashusha pumzi ndefu, akalala kwa muda wa saa mbili nzima.

Zilikuwa zimebaki siku sita.

Sijui kama nimemwonyesha vizuri mpaka hapa. Ukisikia habari hizi utafikiri alikuwa mama mwenye mapaja mapana na nyimbo. Alikuwa mwembamba, mgumu, mwenye mwendo wa haraka. Aliimba vibaya, kanisani walimweka nyuma ya kwaya na alijua kwa nini. Alipoulizwa kama anapenda watoto alijibu: "Hapana. Mi napenda kitu ikae pahali pake." Alipenda chai yenye sukari nyingi mno na mkate wa kuchovya, na vitu hivyo alivila kwa siri nyuma ya choo ili watoto wasione tamaa. Aliogopa pikipiki, alitembea saa nzima chini ya jua kuliko kupanda moja. Hakuvumilia uongo hata mdogo. Mama mmoja alimwambia mtoto, "Nakuja sasa hivi," naye alikuwa anakwenda Likasi mpaka jioni. Mama Kreshi alimrudisha kutoka njiani. "Mwambie Likasi. Hajui Likasi ni nini, lakini yako roho itajua umesema kweli."

Na kuna jambo lingine, ambalo lilinichukua miaka kuliona. Yeye mwenyewe hakuaga mtu.

Mtoto akifikia umri wa kwenda shule, wazazi walikuja siku ya mwisho na nguo safi, soda, biskuti, wakitaka kumshukuru. Hawakumkuta. Alikuwa amekwenda kuchota maji, bomba likiwa pale pale uani. Alikuwa amekwenda kuangalia bei ya mkaa. Mchimbaji mmoja mwenye mapacha alingoja kutoka mchana mpaka jua lilipoanguka. Alitazama uani kupitia tundu la lango akamwona yuko jikoni, amekaa, mikono magotini, hafanyi kitu. Aliita. Mama Kreshi aliinuka akatoka kwa ule ukuta uliobomoka nyuma, ukuta uleule alionikatalia mimi.

Watu walisema mengi. Wengine walisema ana mtoto wake aliyeingia mashimoni na hakutoka. Wengine walisema hakuwahi kuzaa. Sikuuliza, wala mtu akiniambia leo sina hakika nitataka kusikia.

Mama mkwe alifika siku aliyosema, na lori la mihogo, amefunga kitambaa kipya kichwani na kingine tupu mkononi, cha kumfungia mtoto. Hatukusalimiana kwa mkono. Alikaa uani kwa Mama Kreshi juu ya kigoda, akanipa mgongo, nami nikampa wangu.

"Mama," alimwambia Mama Kreshi, "uliza huyu bwana kama mutoto anakula."

"Bwana, kambo anauliza kama mutoto anakula," alisema Mama Kreshi. Kambo kwetu ni bibi.

"Anakula, Mama."

"Anasema anakula."

"Nimesikia. Mwambie mi sikutoka Sandoa kusikia. Nilikuja kuona."

"Basi utaona," alisema Mama Kreshi. "Tata Nadeji, enda kazini."

Nilichuchumaa mbele ya mtoto wangu. Nilijua kwamba nyuma yangu yule bibi anasikiliza hata pumzi, na kwamba kile kitambaa tupu kimekunjwa mapajani mwake. "Nakwenda, Nadeji. Naenda kuziba mipira. Nitarudi wakati wa kinu cha jioni." Kwa maana wakati huo tulikuwa tumefika hapo: siku ya kazi ni ndefu, mtu hawezi kutwanga siku nzima, na Mama Kreshi alikuwa ameigawa sombe mara mbili. Kinu cha asubuhi kilinipeleka. Kinu cha alasiri kilinileta.

Mdomo ukapinda. Alilia, nami nikatoka kwa lango nikiwa natembea, sikukimbia, na mchi ukaanza nyuma yangu. Siku hiyo niliziba mpira mmoja mara tatu, na mara zote tatu ukavuja.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Mama Kreshi baadaye. Mtoto alilia konzi moja ya majani. Kisha alinyamaza, akatambaa mpaka kwenye kinu, akaweka kiganja juu ya mti wake unaotetemeka. Alikula uji. Alilala na kikwembe usoni. Kambo alikinusa, akamaka "Mawe!" na kukirudisha haraka. Alasiri mchi ulipoanza tena, Nadeji aliacha kifuniko cha sufuria, akakaa akielekea lango. Mimi nilikuwa bado mbali, kwenye kona ya wauza mafuta. Lango lilikuwa limefungwa, hakuna aliyekuja. Naye alikaa pale akitabasamu na lile bati la bluu.

Nilipoingia, mama mkwe alikuwa bado amenigeuzia mgongo. Kile kitambaa tupu alikuwa amekifunga kiunoni mwake mwenyewe.

"Mama, sema na huyu bwana. Mutoto abakie. Lakini akianza kung'oka meno ya utoto, amulete Sandoa asome kule, karibu na mi. Na yeye mwenyewe abakie naye. Sitaki aniletee mutoto kama mufuko, anashusha, anapanda lori."

"Bwana, umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Nakubali."

"Anakubali."

"Tutaona," alisema mama mkwe, na nadhani alikuwa anacheka, lakini uso wake sikuuona.

Basi nilikaa Kolwezi miaka sita, mimi ambaye sikuwa nimekaa popote miaka miwili. Siwezi kusema nilitulia. Kila msimu wa kiangazi miguu iliniwasha, niliangalia malori nikajua bei ya kila safari. Lakini kila alasiri kulikuwa na kinu, na mtu aliyekaa akielekea lango. Nadeji alitembea, alisema, akaanza kumsaidia Mama Kreshi kuwainamia wadogo: "Madmwazel, naomba ruhusa." Alipokuwa na miaka mitatu alisema peke yake langoni, "Nenda, Tata, nimeona mugongo yako." Alipoanza shule ndogo ya kanisa bado alipita pale kila alasiri kuningoja. Mama Kreshi hakututendea yale ya siku ya mwisho, kwa sababu kwetu siku ya mwisho ilikuwa haijafika.

Jino la kwanza liling'oka akitafuna muwa. Alikuja kibandani nalo kwenye kiganja, akicheka na damu midomoni, na mimi, badala ya kufurahi, nilikaa juu ya mpira. Nilichokuwa nakitamani miaka sita, barabara, kilikuwa kimefika, na sikukitaka.

Asubuhi ya kuondoka lori lilikuwa linangoja kwenye njia kuu. Nilikuwa na godoro, sanduku la vifaa, na mtoto katika gauni la Pasaka. Nilijua tutakuta uani patupu. Tulinawa miguu kwenye beseni kwa mazoea. Lakini alikuwapo. Alikuwa kwenye kinu, anatwanga, macho chini. Alikuwa amezeeka, mchi aliuinua kwa mikono miwili na kuuacha uanguke wenyewe.

"Mama, tunakwenda."

"Nasikia."

"Tumekuja kuaga."

"Hauoni niko na kazi?"

Nilisogea. Ndani ya kinu hapakuwa na jani hata moja. Mti ulikuwa unapiga mti.

Nadeji alimzunguka, akasimama pale ambapo asingeweza kutomwona. Akaweka kiganja juu ya kinu kinachotetemeka.

"Mama Kreshi," alisema kwa sauti, kama tulivyofundishwa wote wawili, "naenda Sandoa. Naenda kusoma. Sitarudia jioni."

Mchi haukusimama. Lakini alimtazama, alimtazama muda mrefu, akiendelea kupiga. "Ni vizuri, Madmwazel," alisema. "Umesema vizuri." Na kwangu: "Tokeni kwa lango."

Tulitoka kwa lango. Nilibeba godoro kichwani na sanduku mkononi. Nadeji alishika mfuko wa suruali yangu. Nyuma yetu, du, du, du. Tulipita ukuta wa jirani, tukapita kona ya wauza mafuta.

"Tata," aliuliza, "hiki ni kinu cha kupeleka ao cha kuleta?"

"Cha kupeleka."

Hapo mchi ukasimama.

Miguu yangu iligeuka. Sikuiambia, iligeuka yenyewe, godoro kichwani, kama ilivyogeuka kila alasiri kwa miaka sita, na nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kurudi kwenye bati la bluu. Nadeji alining'ang'ania mfukoni. Tulisimama katikati ya njia, vumbi la lori la kwanza likitupita, hatujui twende wapi.

Kisha ukaanza tena, haraka, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na haukusimama wakati wote tuliokuwa tunausikia.